Mkono wa Rangi ya Fizi

Shangazi yangu anatengeneza meno. Daktari ndiye anayeng'oa. Shangazi ndiye anayerudisha. Kila asubuhi kliniki humletea chapa za vinywa vya watu asiowajua, ndani ya mifuko yenye unyevu, naye humimina plasta, akasubiri igande, akaibandua, na hapo mezani huwa ana taya la mtu mzima lisilo na jino hata moja, jeupe kama mwezi. Kisha huanza kupanga meno juu ya nta, moja moja, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba yetu na kina dirisha moja lenye kioo cha ukungu. Mwanga unaoingia humo haujui saa. Iwe asubuhi, iwe alasiri, ni kama maziwa yaliyotiwa maji, na vumbi la plasta huelea ndani yake bila haraka ya kutua. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mawingu hutengenezwa humo, na kwamba Shangazi ananificha tu.

Juu ya meza kuna rafu tatu. Hapo wanakaa watu wake.

Watu wake ni midoli ya sinema: majemadari, marubani wa vyombo vya angani, malkia wa sayari za mbali, majambazi wenye barakoa, jitu moja la chuma. Wengi aliwaokota sokoni kwenye mafungu ya vitu chakavu, katikati ya vijiko na nyaya za chaja, na karibu wote walifika na pengo. Huyu hana mkono, yule hana sikio, mwingine hana kichwa kabisa. Shangazi huwafanyia kile anachokijua. Hukichonga kiungo kwa nta, hukifukia kwenye plasta, huiyeyusha nta ikatoka, na mahali pake hukandamiza ile plastiki ya waridi inayotumika kwa fizi za meno bandia. Kwa hiyo jemadari mwenye joho jeusi ana mkono wa kushoto wa rangi ya fizi. Malkia ana pua ya rangi ya fizi. Jitu la chuma limesimama juu ya mguu wa waridi unaong'aa kama ulimi.

"Si upake rangi?" niliwahi kumwuliza. "Mkono ufanane na mwenzake."

"Nimfiche kwa nini? Alikatwa, akapona. Acha ijulikane kapona."

Bibi, mama yake, ambaye tunaishi naye nyumba hiyo hiyo, hakuwahi kuzoea. "Wenzio wana wajukuu," humwambia kila akipita mlangoni, "wewe una wazee wa plastiki." Meno ya Bibi ni kazi ya Shangazi, juu na chini, na kila wakigombana hutishia kuyavua.

"Chukua meno yako! Sikukuomba!"

"Lete, Mama. Halafu kesho nyama utaila kwa macho."

Bibi hajawahi kuyavua.

Shangazi anapenda sinema kubwa, zile zinazobomoa miji. Sinema ndogo, za watu wanaosutana jikoni kwa saa mbili, hazitaki. "Hizo nazipata hapa bure," husema, "mama yangu mzima." Anataka anga ipasuke, anataka milima itembee. Lakini akishaipenda filamu haiachi salama. Ana kibao chake cha kazi, kimepangwa meno ya mfano kuanzia jeupe kabisa hadi la manjano ya chai, na huenda nacho sinema ndani ya mkoba. Shujaa akitoka shimoni alikofungwa miaka na miaka, akacheka, Shangazi hukiinua kibao gizani kuelekea pazia, akafumba jicho moja.

"Namba moja," hunong'ona. "Kala mende muda wote huo na meno ni namba moja. Mswaki kapewa na nani?"

Hupenda pia kujua nani alifagia mji baada ya vita, na yule aliyekuwa akiuza matunda kwenye kona iliyolipuliwa alikwenda kuuzia wapi siku ya pili. Kuhusu filamu zinazoendelea ana msimamo mmoja: sehemu ya pili hutengenezwa na watu walioipenda ya kwanza, sehemu ya tatu hutengenezwa na watu wasioiona. Nimesoma vitabu vizito chuoni juu ya namna hadithi zinavyojengwa. Sikumbuki sentensi iliyonikaa kama hiyo.

Filamu yake ya moyoni ni *Sayari ya Chumvi*. Mashujaa watano wanakimbizwa na jeshi, wanapita chini ya ardhi, kwenye mahandaki ya chumvi yenye giza la kaburi. Hakuna anayeijua njia isipokuwa mtu mmoja mwembamba anayewatangulia na taa. Hana jina. Hasemi kitu. Anawafikisha mahali ambapo mwanga wa jua unaonekana, anasimama pembeni wapite, na wao wanapita. Kisha chumvi inaporomoka nyuma yao na handaki linafunga. Mashujaa wanakumbatiana juani, muziki unapanda. Hakuna anayegeuka. Sehemu ya pili hatajwi, sehemu ya tatu hatajwi.

Shangazi humwita Mshika Taa. Tangu nikiwa na umri wa kukaa chini ya meza yake nikichezea vipande vya nta, amekuwa akinisimulia alikofika. Kwa maoni ya Shangazi, Mshika Taa hakufa. Chumvi ilipoporomoka yeye alikuwa upande wa pili, akageuza taa na kuanza kutafuta njia nyingine. Bado anatembea.

"Amefika wapi leo?" namwuliza, hata sasa, mtu mzima niliyehitimu chuo.

Naye, bila kuinua macho kutoka kwenye taya la mtu: "Leo ameingia chumba chenye maji. Maji yenyewe hayana sauti. Ameinamisha taa, ameona samaki weupe wasio na macho, nao wamemwona."

"Watamwona vipi bila macho?"

"Wewe unauliza, au unataka afike?"

Nanyamaza ili afike.

Mdoli wa Mshika Taa uliwahi kutengenezwa, ila kwa uchache, kwa sababu watoto walitaka mashujaa. Shangazi hakuwahi kuupata. Kwenye rafu ya katikati, kati ya malkia na jitu la chuma, kulikuwa na nafasi ya upana wa viganja viwili, na aliipangusa vumbi kama vile kuna mtu amesimama hapo.

Kila Jumamosi alasiri tunakwenda sinema, mimi na yeye. Filamu ikiisha watu huinuka, bisi hukanyagwa, majina huanza kupanda, na Shangazi habanduki. "Pale kuna mtu kazi yake ilikuwa kushona vifungo," husema. "Nisimsome?" Mama mfagiaji ameshamzoea. Huanza na safu za mbele, akija nyuma polepole, na husimama na ufagio wake mpaka jina la mwisho lipite.

Jumamosi moja waliirudisha *Sayari ya Chumvi*, ile ya kwanza. Majina yalipokuwa yakipanda, mfagiaji alishika kiuno.

"Leo wasoma majina mko wawili! Mmepanga kunichelewesha?"

Tukageuka. Safu tatu nyuma yetu alikaa mwanamume wa makamo, kidole gumba kimefungwa bandeji, midomo ikitembea. Alikuwa akisoma majina.

Pazia lilipozimika Shangazi alimwuliza, kwa sauti ile ile anayoniulizia mimi kama nimekula: "Unamtafuta nani?"

"Aliyecheza yule wa taa."

"Hawakumwandika. Hata zamani hawakumwandika."

"Najua," alisema yule mtu. "Huwa natumaini tu watajirekebisha."

Tulitoka pamoja, na kwenye ngazi za kushuka mabishano yalishaanza. Mimi nilitembea nyuma yao nikijifanya kusoma mabango.

"Lakini alikufa," alisema mwanamume.

"Nani kakwambia?"

"Chumvi ilifunga."

"Ilifunga nyuma ya mashujaa. Yeye alikuwa upande wa pili. Una maiti?"

"Sina."

"Basi huna msiba."

Mwanamume alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema filamu ilifanya heshima kutoonyesha kifo chake, na Shangazi akasema heshima gani, filamu ilikuwa na haraka ya kwenda juani.

Alikuwa fundi wa vioo. Madirisha, makabati, meza, vioo vya kujitazamia. Duka lake lilikuwa mtaa wa pili kutoka sokoni, na yeye aliishi juu yake. Naye alikuwa na midoli. Shangazi alimwita Fundi, naye akamwita Shangazi Fundi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kubadilisha, waliendelea hivyo hivyo. Jumamosi zikawa za watu watatu. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, bisi zikiwa kwangu, na gizani niliona kibao cha meno kikiinuliwa, kisha kikipokelewa na mkono wenye bandeji, kisha kikirudishwa.

Baada ya msimu mmoja wa mvua alikuja nyumbani kuzungumza na Bibi. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Bibi alimkalisha kwenye kiti cha mbao, kile kisicho na mto.

"Baba, umeshawahi kuoa?"

"Ndiyo, Mama. Mke wangu alifariki. Zamani sasa."

"Pole sana. Una watoto?"

"Hatukujaliwa."

"Kwa hiyo nyumbani una nini?"

Yule mtu alifikiri. Alikuwa mkweli mno. "Nina vioo, Mama. Na midoli."

Bibi alitazama dari. "Ee Mungu," alisema, "nilipoomba mkwe nilisahau kutaja vipimo."

Shangazi alikuwa nyuma ya mlango pamoja nami, mkono mdomoni, machozi ya kicheko yakimtoka. Lakini mgeni alipoondoka kicheko kilikuwa kimemwisha. Alikaa kwenye meza yake akageuza jino la nta kati ya vidole viwili.

"Unamtaka, humtaki?" Bibi aliuliza. "Mimi si wa kukusukuma. Ila usimning'inize mtoto wa watu kama nguo kwenye kamba."

"Namtaka, Mama. Nitamjibu nikishaona anavyoishi."

Tulikwenda Jumapili, mimi na Shangazi. Ngazi za nje, mlango wa kioo kinene, viatu tukaviacha kizingitini. Kuingia kulikuwa kama kuingia ndani ya tone la maji. Kuta zote zilikuwa makabati ya vioo aliyoyakata kwa mkono wake, kingo zimesuguliwa mpaka zikawa kijani kibichi, na mwanga uliruka kutoka kabati hadi kabati bila kupata pa kukaa. Ndani yake ilipangwa midoli yote aliyowahi kutusimulia, na kila mmoja alikuwa ndani ya boksi lake, halijawahi kufunguliwa. Nyuso zilitutazama kupitia madirisha ya plastiki. Jemadari yule yule wa Shangazi alikuwepo, na mikono yake yote miwili ya asili.

"Hujawahi kumshika hata mmoja?" Shangazi aliuliza.

"Nikimshika si atachakaa?"

"Si ndiyo kushikwa huko!"

Wakacheka. Aliendelea kutuonyesha, akitembea na soksi kama mtu aliye katika wodi ya wagonjwa. Ukutani, kati ya madirisha mawili, niliona kofia ya kike ya jua, ya ukindu, yenye utepe wa buluu. Nayo ilikuwa ndani ya kioo. Shangazi aliiona pia, akainamisha kichwa kidogo kama anayeamkia, akapita.

Kisha akasimama ghafla.

Katikati ya ukuta wa mwisho, peke yake, alikuwepo Mshika Taa. Boksi lilikuwa limegeuka manjano. Ndani ya dirisha dogo alisimama mtu mwembamba, mkono mmoja umeinuliwa, na mkononi taa ndogo kuliko punje ya mahindi. Miaka yote ile Shangazi amemtembeza chini ya ardhi, na sasa alikuwa hapa, urefu wa shubiri moja, akimtazama.

Alisogea karibu, akavaa miwani yake ya kazi, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko furaha inavyohitaji.

"Fundi," alisema, "anatoka jasho."

Na kweli, upande wa ndani wa dirisha la plastiki kulikuwa na matone madogo ya mafuta, na bega la Mshika Taa lilikuwa na utando mweupe kama wa zabibu. Shangazi alimweleza kwa upole kwamba plastiki laini ikizeeka hutoa mafuta yake, na mafuta yakikosa pa kwenda huirudia plastiki ile ile na kuila. Anachotaka ni hewa, na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

"Tumfungue. Nitamwosha mwenyewe."

Yule mtu aliweka kiganja juu ya kioo. "Hapana."

"Ataozea humo."

"Fundi, naomba." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Humo ndani bado hajaingia handakini."

Huko chini lori lilipita na vioo vyote vya nyumba vikalia kidogo, kila kimoja sauti yake. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akashukuru kwa chai, tukaondoka.

Njiani alitembea mbele yangu. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo aliposema, si kwangu hasa: "Nitaishi vipi na mtu asiyeweza kufungua boksi? Siku nikianza mimi kutoka jasho, atanipangusa kioo kwa nje."

Bibi alipoambiwa alitikisa kichwa. Hapo ndipo alipompa jina la Bwana Boksi, ingawa alilitamka bila chumvi, kama mtu anayeita paka aliyepotea.

Majuma yaliyofuata tulikwenda sinema wawili tu. Kibao cha meno hakikutoka mkobani. Shujaa mmoja alitoka jangwani na meno ya kung'aa kama vigae, nikamtazama Shangazi, na Shangazi alikuwa akitazama mapaja yake. Majina yalipoanza kupanda akainuka. Mfagiaji alisimama na ufagio hewani.

"Leo unaumwa, dada?"

Nyumbani nilijaribu. "Mshika Taa amefika wapi?"

"Amekaa chini," alisema Shangazi. "Amechoka."

"Taa inawaka?"

"Ameishusha."

Nilikaa juu ya stuli ya mlangoni na kitabu changu, na nilisoma ukurasa mmoja mara nyingi. Kwa macho ya mawazo niliona mahandaki yale, na mtu amekaa katikati yake, chumvi ikimeta kumzunguka kama nyota zisizo na kazi. Sikujua kama ninamwogopea yeye, au Shangazi, au yule mwingine kule juu ya duka lake, katikati ya nyuso zinazomtazama.

Kisha alikuja, jioni moja baada ya kufunga duka, amebeba kitu kilichofunikwa shuka. Alikiweka mezani mbele ya Shangazi na kukifunua kwa mikono miwili.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona za mkono wake. Sanduku la kioo, pembe zimekutana kama zimezaliwa pamoja, limezibwa kila upande kwa ile gundi ya mafundi vioo inayonuka siki. Ndani yake boksi la manjano. Ndani ya boksi, Mshika Taa.

"Nilikaa nikafikiri maneno yako," alisema. Uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyefua nguo zake mwenyewe. "Hewa ndiyo inayomharibu. Nimemzibia. Haiingii hata chembe. Nimekuletea wewe, akae pale penye nafasi yake."

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameshaelewa yote: hata gundi ilikuwa bado haijamaliza kukauka, na siki yake ilikuwa inaingia ndani badala ya kutoka. Fundi mwingine yeyote angefungua boksi au angeliacha kabatini. Ni fundi wa vioo tu ambaye angesikia neno jasho na kujenga chumba kisicho na mlango.

"Ni zuri sana," Shangazi alisema. Na lilikuwa zuri. Alilinyanyua yeye mwenyewe akaliweka kwenye nafasi ile, kati ya malkia na jitu la chuma. "Asante, Fundi."

Yule mtu hakuomba jibu lake. Alisema tu angepita siku moja kumsalimu Mshika Taa, akaondoka akiwa mwepesi.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema Bibi akilizunguka. "Mbona hukumwambia?"

"Nilishamwambia, Mama."

"Basi lifungue sasa hivi. Kisu hicho hapo. Wewe si ndiye unayefungua kila kitu?"

"Nikifungua mimi, nitakuwa nimefungua boksi tu."

Bibi alikisogeza kisu mbali na sanduku. Kwake hilo si jambo dogo.

Ukungu ulianza chini, kwenye pembe. Kwanza ulikuwa kama pumzi ya mtu aliyesogeza mdomo kioo kisha akaondoka. Halafu ukapanda magotini mwa Mshika Taa, ukafika kiunoni. Shangazi alipanga meno ya watu na kila alipoinua macho alimwona akizama. Hakugusa. Wakati mwingine aliweka nta chini na kukaa tu, mikono mapajani, na mwanga wa dirisha la ukungu ukimwangukia yeye na lile sanduku kwa usawa, hata sikuweza kusema ni nani aliye ndani na ni nani aliye nje. Mwishoni kilichoonekana kilikuwa mkono ulioinuliwa, na juu yake ile taa.

Siku yule mtu aliporudi, taa nayo ilikuwa imefifia.

Aliingia akitabasamu, akaniamkua, akamwamkia Bibi aliyekuwa akimenya viazi kwenye chumba cha pili, mlango wazi. Akageukia rafu. Tabasamu likabaki mahali pake kidogo, bila mwenyewe. Akatoa leso mfukoni, ile leso laini ya kazi yake, akakifuta kioo. Akafuta tena, kwa duara, kama alivyofuta vioo maisha yake yote. Akakipulizia pumzi, akafuta.

Shangazi alinitazama. Sikuweza kumtazama.

Leso ikasimama.

"Ukungu uko ndani," alisema.

"Uko ndani."

"Ni mimi niliyemfungia nao."

"Ni wewe."

"Na wewe ukamtazama siku zote hizi? Mbona hukumfungua, Fundi?"

"Hakuwa wangu wa kumfungua."

Huko kwa Bibi kisu kilikuwa kimeacha kumenya. Niliona bega la yule mtu likipanda na kushuka, na nilikumbuka kofia ya ukindu na utepe wake wa buluu, na nikafikiri: sasa ataondoka, atalichukua sanduku lake na shuka lake.

Alilichukua sanduku. Akaliweka mezani, katikati ya mataya ya plasta, akavuta kiti. Kutoka mfuko wa shati akatoa kisu chembamba cha kukatia gundi, akakipitisha pembe ya kwanza, polepole, kama anayekata mkate wa mgonjwa. Pembe ya pili. Kifuniko kikainuka na harufu ikatoka, ya siki, ya mafuta, ya kitu cha zamani sana. Tulikohoa wote. Alipofika kwenye boksi lenyewe alisita, vidole juu ya ulimi wa karatasi uliokuwa haujawahi kuguswa.

"Akiingia handakini?" aliuliza, bila kumtazama mtu.

"Ana taa," alisema Shangazi.

Akafungua.

Mshika Taa alitoka akinata kama peremende iliyosahaulika mfukoni. Yule mtu alimpokea kwenye viganja vyote viwili. Hakuwa amewahi kushika mdoli tangu utotoni, nadhani. Hakujua pa kuweka vidole. Shangazi alileta beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni, na mswaki ule laini anaooshea meno ya watu, wakamwosha pamoja, mmoja akishika, mmoja akisugua. Utando mweupe ulitoka. Uso ulitokea, mtulivu, na macho mawili ya nukta. Kisha mkono ulioinuliwa, uliokuwa umelainika kuliko viungo vyote, uliachia begani bila sauti na kuzama ndani ya beseni.

"Nimemwua," alisema yule mtu.

"Umemvunja mkono. Usijipe makubwa." Shangazi alikuwa ameshavaa miwani. "Lete hiyo taa. Mkono hauponi tena, lakini taa ni plastiki ngumu, nzima kabisa."

Niliona vidole vyake vikirudi kuwa vyake. Alitwaa nta, akaipasha, akachonga mkono wa urefu wa njiti ya kiberiti, na kiwiko, na ngumi. Plasta. Kusubiri. Tulikunywa chai tukisubiri, na hakuna aliyezungumzia jambo lolote kubwa. Shangazi alimweleza habari za yule shujaa wa jangwani mwenye meno kama vigae, naye akauliza namba ngapi, na Shangazi akasema hata kwenye kibao hayupo. Kisha akachanganya ile plastiki ya waridi, ile isiyohitaji moto, inayoganda yenyewe ukiituliza, na mkono mpya ukatoka laini kama ufizi wa mtoto mchanga. Akaubandika begani, akafunua ngumi kwa sindano.

"Sasa ingiza taa hapa. Ishike hivyo hivyo. Isitikisike mpaka pagande, la sivyo itakaa upande."

Yule mtu akaishika kwa ncha za vidole viwili, pumzi ameibana.

"Nishike mpaka lini?"

"Nitakwambia," alisema Shangazi.

"Na kama muda ni mrefu?"

"Una pa kwenda?"

"Sina."

"Basi shika."

Kutoka chumba cha pili, kisu kilianza tena kumenya. "Bwana Boksi," Bibi aliita, "jibu lako hilo umeshapewa. Usije ukaniuliza tena mimi."

Alicheka, mkono ukatikisika, Shangazi akamkaripia, akatulia. Jua lilikuwa linakwenda zake upande wa pili wa kioo cha ukungu na chumba kilijaa ule mwanga usio na saa. Vumbi la plasta lilielea. Nilivuta stuli yangu karibu.

"Amefika wapi?" nilimwuliza Shangazi.

Alimtazama yule mtu, aliyeinama kwa uangalifu wote wa dunia.

"Amesikia nyayo," alisema. "Ameinua taa ili aone ni nani."